Mkono wa Chumvi

Ireen alinipigia simu siku ya Jumanne, nikiwa nimekaa barazani kwangu huku Pweto, Kongo, nachambua maharage, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia kwamba Bana Mwila, yaani Mama Mwila, mpishi wetu wa shuleni, ametuacha. Nikamwuliza kama aliugua sana. Akasema hapana, jana yake alikula vizuri, akalalamika kwamba mboga haina chumvi, akaenda kulala, na asubuhi hakuamka. Hapo nikacheka. Mungu anisamehe, mtu anakupa habari ya msiba nawe unacheka, lakini kicheko kilinitoka kabla sijakishika. Ireen naye huko Nchelenge akaanza kucheka, kisha tukalia wote wawili mpaka vocha yake ikaisha. Siku ya pili yake nikafunga vitenge viwili, nikavuka mpaka wa Zambia kuelekea Chienge, nikapata gari lililobeba magunia matupu ya dagaa, na njia nzima, tangu Puta mpaka tulipoanza kuona mabati ya Nchelenge, nilikuwa nikijikuta nakitazama kiganja changu cha kulia. Dereva akaniuliza kama kinaniuma. Nikamwambia kilishapona zamani.

Namna nilivyofika kukaa kwa shangazi yangu Nchelenge, nikiwa na miaka kumi na mitatu, ni habari ndefu yenye wajomba wengi na kelele nyingi, na haina hata jani moja la mboga ndani yake, kwa hiyo naiacha. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa darasa la sita, katika shule ndogo iliyokaa kati ya barabara na ziwa. Ilikuwa na vyumba vinne vya kusomea, jiko moja, na bustani iliyoshuka taratibu mpaka kwenye matete ya ufukweni. Siku hizi nasikia wataalamu wakija na magari mazuri kufundisha kwamba mtoto anapaswa kujua chakula chake kinatoka wapi, na ni jambo jema, siwapingi. Ila sisi tulifundishwa hayo zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na mwalimu aliyeogopa nyoka. Aliitwa Ba Ticha Kangwa, kwa ile “ba” ya heshima ya Kibemba, kijana mwembamba aliyekulia kwenye miji ya migodi, asiyejua samaki wala muhogo. Alipewa kipindi cha bustani kwa sababu alikuwa mgeni na walimu wengine walikuwa wamechoka. Kila alipotaka kuingia kwenye maboga alipiga makofi kwanza kuwafukuza nyoka, nasi nyuma yake tulipiga makofi pia, kwa adabu, huku tukiumwa na mbavu kwa kucheka.

Lakini alikuwa na moyo, na sheria yake ilikuwa moja: asiyeshika jembe hashiki sahani. Kila darasa lilikuwa na matuta yake ya vitunguu, nyanya na mboga za majani, na nyuma kabisa shamba la muhogo ambalo lilikuwa la wote. Maji tuliteka ziwani kwa makopo yaliyotobolewa chini. Saa sita kengele ya chuma ilipigwa, tukakaa chini ya mabati ya kibaraza na sahani zetu, na Ba Ticha akapita katikati akiokota kipande cha kitunguu kwenye sahani ya mtu, akakiinua juu na kuuliza kitunguu hiki ni cha nani. Mtoto wa darasa lenye tuta hilo alisimama, akataja siku kilipopandwa na samadi kiliyotiwa, na wote tukampigia makofi kabla ya kuendelea kula. Nimekula kwenye harusi za watu wakubwa tangu wakati ule, na bado sijaona chakula kikiheshimiwa namna ile.

Mimi mwezi wa kwanza sikusimama hata mara moja. Kibemba sikukijua, na Kiswahili changu cha Pweto kiliwachekesha wenzangu, kwa maana pale Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizana bei ya samaki, si ya kuombea kalamu. Nilikula pembeni, haraka, macho yakiwa chini. Mtu wa kwanza kunisemesha kwa lugha yangu alikuwa mpishi. Bana Mwila wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye mitumbwi. Kabla ya kuajiriwa shuleni alikuwa akivuka kuuza samaki upande wetu, na Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa hiyo kilikuwa na hesabu zote, matusi mengi na salamu chache. Siku hiyo alitoka mlangoni mwa jiko, akatupa macho juu ya vichwa vyetu, akaninyooshea mwiko.

“Weye wa Pweto,” akasema. “Nawa mikono, kuya huku. Utaweka munyo.”

Munyo ndiyo chumvi upande wetu, na kulisikia neno lile tu, mbali na kwetu, kulinitoa machozi. Niliingia. Jiko lilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma, kuta nyeusi kwa masizi, mafiga matatu makubwa, na dirisha lisilo na kioo lililotazama bustani na ziwa. Wasichana wa darasa la saba waliokuwa zamu walikuwa wakitwanga majani ya muhogo. Chungu cha katapa, yaani hayo majani yenyewe na karanga, kilikuwa kikitokota. Bana Mwila akanipa bakuli la chumvi ya mawe, akanionyesha ngumi yake kuwa ndiyo kipimo, nami nikatia. Kisha akanipa kijiko nionje. Nikasema bado kidogo. Wasichana wakacheka, yeye hakucheka, akasema niongeze. Tangu siku ile kazi ikawa yangu, na cheo kikawa changu. Kila siku karibu na saa sita niliitwa kutoka darasani, nikapita mbele ya wote, nikatia chumvi, nikaonja kabla hata ya mwalimu mkuu. Watoto waliokuwa wakinicheka wakaanza kuniomba niwakumbuke kwenye ukoko wa ugali. Ireen, msichana mrefu wa darasa letu aliyenizidi mwaka mmoja au miwili, akahamia kwenye dawati langu na kuanza kunifundisha Kibemba kwa bei ya ukoko huo huo.

Kwa nini ilikuwa lazima mtoto ndiye atie chumvi, hakuna aliyenieleza. Mambo hayo mtoto huyaokota, neno moja leo, neno jingine kesho, akiwa amejifanya anapuliza moto. Nilisikia wasichana wakubwa wakisema kwamba mwanamke aliye mwezini hatii chumvi kwenye chakula cha watu, akitia waliokula wataumwa kifua. Nilisikia pia kwamba hakatizi kwenye maboga, yatakauka. Siku moja nikamsikia Bana Mwila akimkemea msichana aliyetaka kushika bakuli kwa sababu mimi nilichelewa. Akamwambia kwamba kwenye jiko lake aliyekwisha kukua hashiki chumvi, siku yoyote, basi. Nilidhani ni ukali tu. Sasa nikiwa mama wa mabinti watatu naelewa alichokuwa akikifanya. Kama chumvi ingetiwa na msichana yeyote, siku ambayo angekataa, jiko zima lingejua hali yake, na kabla ya kengele ya jioni wavulana nao wangejua. Kwa kuiweka chumvi mkononi mwa mtoto siku zote, alikuwa amewafunika wote. Ilikuwa akili nzuri sana, yenye tundu moja tu, na tundu lenyewe lilikuwa mimi.

Maana mtoto hukua. Mwezi wa sita, baridi ilipoanza na upepo wa ziwani ukawa unapita chini ya milango, niliamka asubuhi moja nikakuta nimekua. Shangazi yangu alikuwa amekwenda Mofwe kununua samaki. Nilijistiri mwenyewe kwa kitambaa cha kitenge cha zamani, nikaenda shuleni kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, na saa sita nikaitwa. Nilisimama mbele ya chungu na bakuli mkononi. Kama ningesema hapana, hata kwa kutikisa kichwa, wasichana wanne waliokuwa mle wangeelewa papo hapo, na mtoto mwingine angeitwa, na shule nzima ingemwona akipita mahali nilipokuwa nikipita mimi. Ningerudi pembeni na sahani yangu. Nikatia chumvi. Nikaonja, nikasema imetosha, nikarudisha bakuli bila kumtazama Bana Mwila usoni.

Wiki iliyofuata watoto wa darasa la kwanza wakaanza kukohoa. Kisha darasa la pili. Kisha Ba Ticha Kangwa, ambaye alikohoa kimjini, kwenye leso. Mwisho Bana Mwila mwenyewe, kikohozi kizito cha kuinamia magoti, na kila alipokohoa nilihisi kama mtu ananipiga kofi. Leo nitakwambia ilikuwa baridi, ilikuwa vumbi, ilikuwa moshi wa kuni mbichi. Wakati ule nilijua kwa yakini kwamba ni mimi. Na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, nilijua jambo hilo nusu: nilidhani aliyekwisha kukua amekwisha, kwamba mkono wangu ulikuwa umeharibika tangu siku ile na mpaka kufa. Nikapata dawa yangu mwenyewe. Nilichota chumvi ngumi nzima, nikapeleka mkono juu ya chungu ndani ya mvuke, nikatikisa vidole bila kuvifungua, kisha nikatoka mbio kama ninayefuata kuni, na nje ya mlango nikaiachia chumvi chini ya majani ya boga.

Boga hilo lilikuwa kipenzi cha Ba Ticha. Liliota lenyewe penye mlango wa jiko, likaishi kwa maji ya kuoshea vyungu, na wakati maboga mengine yalikuwa yamemalizika na mvua, lenyewe lilikuwa limepanda mpaka dirishani, majani mapana kama ungo, na matunda matatu yakinenepa. Wageni wa elimu kutoka bomani walikuwa wakitazamiwa kuja kuona bustani, na Ba Ticha alikuwa amekwisha kuamua kuwa somo lake moja lingeanzia pale: mbegu, ua, tunda, jani, chungu, sahani, yote kwa hatua tano za miguu. Ireen ndiye aliyepewa zamu ya kulimwagilia.

Chakula, bila shaka, kikawa hakiliki. Mboga ililala mdomoni. Watoto walilalamika, walimu wakalalamika kwa heshima, na Bana Mwila akasema lawama ni ya mwenye duka, chumvi yake imekula unyevu na nguvu imeisha. Akaniamuru nitie ngumi mbili. Basi nikawa natupa ngumi mbili. Siku kumi na kitu hivi nikafanya hivyo, mchana wa kila siku ya shule, nikiwa najisifu moyoni kwamba naokoa maisha ya watu, na kweli kikohozi kilianza kupungua. Kisha asubuhi moja tukafika tukakuta boga limeinama. Majani yalikuwa yamekunjamana pembeni kama karatasi iliyopitiwa na moto, na siku ya tatu yake mmea wote ulikuwa wa kahawia, matunda yamelegea.

Ba Ticha alipiga magoti akitafuta funza na kitabu chake mkononi. Akina mama waliokuja kuleta kuni hawakuhitaji kitabu. Walisimama kwa mbali, wakaangalia, na mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kwamba kuna msichana amekatiza hapa akiwa na hali yake. Kila mtu alijua ni nani aliyepita pale asubuhi na jioni na ndoo. Hakuna aliyemwambia Ireen neno. Ndivyo ilivyo mbaya, hakuna anayekwambia neno. Wasichana wakasogeza matuta yao mbali na lake. Kiranja akamfuta kwenye zamu ya maji, na kwa kuwa asiyeshika jembe hashiki sahani, mchana kengele ilipolia Ireen hakuja kibarazani. Ba Ticha, maskini, alidhani anaumwa. Kutoka dirisha la jiko nilimwona amekaa kwenye mawe ya ufukweni, mgongo kwetu, anatupa vijiwe majini. Siku ya kwanza nilimwona. Siku ya pili nikampelekea ukoko, hakuupokea. Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Ijumaa, aliniambia kwa upole kabisa kwamba Jumatatu hatarudi, mama yake amesema anaweza kuanika dagaa, hata dagaa inahitaji watu.

Nilimpenda Ireen. Niliipenda pia ile njia yangu ya kupita mbele ya wote saa sita, na sitaki kudanganya, nilikaa kipindi kizima cha hesabu nikipima kipi nakipenda zaidi. Nikiitaja chumvi, ningeulizwa kwa nini. Na jibu lilikuwa moja. Watu wakiondoka jikoni Ijumaa ile nilibaki nyuma nikijifanya nakwangua sufuria, mpaka tukawa wawili tu, mimi na Bana Mwila, yeye amekaa kwenye gogo anakunywa uji wake wa baridi.

“Mama,” nikasema, “ile boga ni miye niliua.”

“Na nini?”

“Na munyo.”

Aliweka kikombe chini. Akatoka nje, akainama kwenye shina lililokauka, akachota udongo kidogo, akauweka kwenye ulimi, akatema. Aliporudi hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu anayejumlisha. Chakula kisicho na ladha, ngumi mbili, mimi kukimbilia kuni kila siku. “Juu ya nini?” akaniuliza sababu. Niliangalia miguu yangu. Naye akaniangalia kuanzia miguu hiyo hiyo, taratibu, mpaka kichwani, na nikaona ameelewa.

“Tangu siku gani?”

“Tangu baridi ilianza.”

“Shangazi yako anajua?”

Nikatikisa kichwa. Basi yule mwanamke akakaa tena kwenye gogo lake, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nilifikiri nimemliza. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na nilipoanza kulia kwa kusikia kile kikohozi akanivuta akaniweka kati ya magoti yake kama mtoto mdogo. “Unazani ni ya milele?” akasema. “Mutoto, ni siku kidogo tu, inapita. Kesho kutwa uko sawa na mutu yeyote.” Nikamwuliza vipi kuhusu kifua cha watu, na jibu lake nimelibeba mpaka leo, kwa sababu ndilo jibu la kweli kuliko yote niliyopewa na wakubwa. “Pengine ni baridi,” akasema. “Pengine ni moshi. Pengine ni munyo yako, sijui. Mama yangu aliniachia ile sheria, miye niko nafuata. Lakini hakuniambia nifuate mpaka batoto bakimbie masomo.”

Jumatatu asubuhi, wakati wa mstari, aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akasimama mbele yetu na kitambaa kipya kichwani. Akina mama wa kuni aliwaita mwenyewe. Ireen alikuwepo, kwa maana Bana Mwila alikuwa amepita kwao Jumapili baada ya ibada na kumwambia mama yake amlete, kuna neno. Akasema kwamba boga ameliua yeye. Alikuwa ameloweka samaki wa chumvi nyumbani, akaja na ndoo ya maji yale kuoshea jiko, kisha akasahau na kuyamwaga pale pale mlangoni, siku kadhaa. Aliomba radhi kwa Ba Ticha na kwa darasa la sita.

Kisha mama mmoja akapiga kigelegele cha kejeli, na kicheko kikaanguka juu yake kama mvua. Lazima uwe mtu wa ziwa uelewe. Kumwaga maji ya samaki wa chumvi kwenye mmea ni kosa ambalo hata mtoto wa miaka minne wa pale hafanyi. Na huyu alikuwa mwanamke aliyezaliwa kati ya samaki, aliyeishi kwa samaki, aliyejulikana mpaka ng'ambo kwa samaki wake. Walimcheka siku ile, wakamcheka sokoni, wakamcheka kanisani. Wavulana walipokuwa wakipita karibu na mmea wowote waliufunika kwa mikono wakimwona. Wifi yake alimwambia mbele ya watu kwamba sasa anaelewa kwa nini kaka yake amekonda. Bana Mwila, ambaye ulimi wake ulikuwa ukiogopwa kuliko fimbo ya mwalimu mkuu, hakumjibu hata mmoja. Nilikuwa nikimsubiri ajibu. Mpaka Desemba hakujibu.

Na siku ile ile ya Jumatatu alilifunga tundu. Alimwambia Ba Ticha kwamba kama kweli anataka watoto wajue chakula, basi watoto wa darasa la kwanza, wavulana kwa wasichana, waje kutia chumvi kwa zamu, kila siku mwingine. Ba Ticha alifurahi sana, akaandika kwenye daftari lake kama vile ni wazo lake. Tangu hapo hapakuwa na mtoto mmoja wa chumvi ambaye kuondoka kwake kungesema jambo. Kuhusu mimi alitangaza kwa sauti, mlangoni, wote wasikie: “Uyu wa Pweto iko na mikono ya nguvu, anakuya kwangu kusonga bukari.” Akanipa mwiko wake mwenyewe. Kusonga ugali wa muhogo wa watoto mia si mchezo, mabega yaliniuma usiku na mchana, lakini shule nzima iliona kwamba nimepandishwa cheo. Ireen akarudishiwa ndoo yake. Wageni wa bomani walipokuja walionyeshwa vitunguu, na Ba Ticha akawaongoza kwenye mahame ya boga akipiga makofi, akawaeleza madhara ya chumvi kwenye udongo, somo ambalo walilisifu kuliko yote.

Hayo ndiyo niliyoyabeba kwenye gari la magunia. Nilifika nyumbani kwa marehemu Alhamisi asubuhi. Uani palikuwa na mafiga mengi na wanawake wengi, na Mwila, binti yake mkubwa, ambaye sasa naye ana mvi, alikuwa amekaa kwenye mkeka akiwasimulia vijana vituko vya mama yake, kama inavyofanyika ili kilio kipumzike kidogo. Nikamsikia akifika kwenye boga. Aliisimulia yote: samaki wa chumvi, ndoo, mstari, wifi. Watu walicheka, wakifuta machozi. Mwila akasema mama yao aliwasimulia hivyo hivyo tangu wakiwa wadogo, na walipomtania uzeeni alisema tu ndiyo, siku hiyo akili ilikuwa imelala. Nikaelewa kwamba hakuwaambia hata watoto wake wa tumbo. Miaka yote ile alikuwa amekaa chini ya kicheko ambacho kilikuwa cha kwangu, na sasa walikuwa wakimzika nacho.

Sikuweza kuvumilia. Nilisubiri vijana waondoke kufuata maji, tukabaki wanawake peke yetu karibu na mafiga, na nikasema, kwa Kibemba changu kilichoota kutu, kwamba hapakuwa na samaki, hapakuwa na ndoo, ilikuwa chumvi ya jikoni na iliwekwa na mimi, na nikasema sababu yake. Nilisema haraka, kama mtu anayejitoa mwiba. Mwila aliziba mdomo kwa mkono. Lakini aliyenishtua alikuwa Ireen, aliyekaa kando yangu akimenya vitunguu. Kisu kilikuwa kimesimama mkononi mwake. Alinigeukia, na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa letu wawili, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha dawatini.

“Miaka yote nilizani ni miye.”

Sikuelewa. Akainamisha kichwa. “Ile wiki nilikuwa na hali yangu,” akasema. “Nilipita pale na ndoo, nilikatiza, nilikuwa na haraka. Boga ikakauka. Mama Mwila aliposimama pale mbele, nilijua anasema bongo, anadanganya, mwanamuke gani wa hapa anamwaga maji ya samaki? Nilizani anasema bongo juu yangu, anifunike. Kila Krismasi nilikuwa namuletea kuku. Hakuniuliza hata siku moja kuku ni ya nini.”

Tulitazamana, wanawake wawili wenye miwani, na sikujua nicheke au nilie. Nilimwonea huruma msichana yule wa kwenye mawe kuliko nilivyowahi kumwonea. Mimi angalau niliambiwa kwamba inapita, yeye hakuna aliyemvuta katikati ya magoti yake. Na nikampenda Bana Mwila upya, kwa uchungu, kwa sababu uongo wake mmoja ulikuwa umetutosha wote wawili, na sidhani kama aliwahi kujua umefunika vichwa vingapi. Nilimshika Ireen mkono, na vitunguu vyake, tukakaa hivyo.

Katapa ilikuwa imeiva. Msichana aliyekuwa akikoroga, mjukuu wa marehemu, akauliza nani atatia chumvi. Watoto wadogo walikuwa wamefuata vijana kwenye maji. Wanawake wa makamo wakaangalia pembeni, kila mmoja kwa sababu yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake sababu hiyo. Kwenye desturi ile, anayeruhusiwa siku zote ni mtoto ambaye bado, au mwanamke ambaye imekwisha. Mimi yangu ilikwisha miaka mitatu iliyopita, na ya Ireen kabla yangu. Ireen akafuta mikono kwenye kitenge, akalichukua bakuli, akaliweka magotini pangu.

“Weka weye,” akasema.

Niliinuka. Ilikuwa chumvi laini ya pakiti, si ya mawe, lakini ngumi ni ile ile. Niliipeleka juu ya chungu, ndani ya mvuke, wote wakinitazama, nikafungua vidole vyangu vyote, na safari hii sikubakiza kitu kiganjani.